Kiganja Katika Udongo wa Murukulazo

Alama ya kwanza ilikuwa upande wa chini wa bamba, na ndiyo maana Evaristi hakucheka pamoja na wenzake.

Udongo mweupe wa Murukulazo ulipitia hatua alizozipanga yeye mwenyewe. Ulichimbwa kilimani, ukavurugwa majini, ukachujwa, ukaachwa utulie katika bwawa la saruji, kisha uji wake mzito ukamiminwa katika fremu za mbao zilizopangwa bandani. Ulipokauka na kuwa bamba, ndipo ulipopinduliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo upande wa chini ulikuwa umelalia ubao tangu uji ulipomiminwa, na hakuna aliyeweza kuugusa bila kulivunja bamba zima. Lakini asubuhi ile, bamba lilipopinduliwa, katikati yake kilionekana kiganja cha mtoto, vidole vimetanuliwa, na ndani ya kila kidole tope jekundu lilikuwa bado bichi.

Ndassa, msimamizi wa waoshaji, Msukuma ambaye hakuacha utani hata matangani, alilinyanyua bamba lile ili watu wote walione.

"Injinia, kumbe nyie Wahangaza mnaajiri kimya kimya," alisema. "Huyu hata shule hajaanza."

Watu wakacheka. Evaristi aliinama akanusa. Udongo huo ukikauka hauna harufu, lakini bamba lile lilinuka maji ya mto, mizizi ya mafunjo na kitu kilichoozea ukingoni.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka kutoka Rwanda. Evaristi, mzaliwa wa Mbuba na mhitimu wa jiolojia, alikuwa ameugundua mwamba wa udongo ule akiwa bado mwanafunzi. Kampuni ndogo ya wananchi ilikubali kumwamini. Kiwanda cha sahani na vigae kilikuwa kikiagiza udongo wa aina hiyo kutoka nje ya nchi, na wenye kiwanda waliahidi kununua wa Ngara endapo tu wangeletewa shehena moja ya majaribio isiyo na doa. Shehena ikikubaliwa, mgodi ungefunguliwa rasmi. Ikikataliwa, mashimo yangefukiwa. Tope jekundu lina chuma, na chuma kikiingia tanurini huacha madoa kwenye vyombo. Kiganja kimoja kilitosha kuharibu bamba.

Aliyekuja kulitazama wa mwisho alikuwa Nyirabahizi, mwoshaji aliyetoka kambini pamoja na vibarua wenzake. Watu wote walimwita Mama Uwase. Aliiweka chini ndoo yake, akapita katikati ya watu, akagusa alama ya kidole cha mwisho. Kidole hicho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani.

"Alikiunguza kwenye chungu cha uji," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba alikuwa ameulizwa. "Ni wa kwangu huyu."

Siku hiyo hiyo alimweleza Evaristi habari yake. Aprili ile ya kuvuka, kwenye daraja la mpakani, Nyirabahizi alikuwa amemshika mwanawe Uwase mkono. Mvua ilikuwa ikinyesha na watu walikuwa wamebanana kiasi kwamba miguu haikugusa chini. Baiskeli iliyobebeshwa godoro ilisukumwa katikati yao, mikono ikaachana, naye akapapasa gizani mwa miili ya watu hadi akaupata tena mkono mdogo, akaukaza, akavuka nao. Alipofika upande wa Tanzania na kugeuka, aliona kwamba alikuwa amemvusha mtoto wa mtu mwingine. Mama wa mtoto yule alipatikana kabla jua halijazama. Uwase hakupatikana.

Wanawake wa kambini walimshauri amalize msiba. Kwao, mfiwa huhesabiwa kuwa mweusi hadi siku anapopakwa udongo mweupe, ambao wao huuita ingwa, mbele ya watu, na kutamka kwamba marehemu amekwenda. Hapo huwa mweupe tena, hurudi shambani na sokoni, na mzimu wa marehemu hupumzika. Nyirabahizi alikuwa amekataa. Hakuona maiti, alisema, na hawezi kumzika mtu kwa mdomo.

Alimweleza Evaristi jambo moja zaidi. Nyumbani kwao, kila Noeli, alipopaka ukuta ingwa, Uwase aliweka kiganja chake kando ya mlango ukuta ungali bichi, akakilinganisha na cha mwaka uliotangulia. Naye mama alipaswa kukitazama kwa makini, kisha aseme, "Umekua." Bila neno hilo mtoto hakukubali kuondoka mlangoni.

Wiki zilizofuata alama ziliongezeka. Mwanzoni zilikuwa kwenye bamba moja moja, kisha safu nzima. Padri aliletwa, akasoma sala, akanyunyiza maji ya baraka mlangoni na juu ya fremu. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na bamba hata moja lililosalimika. Vibarua walianza kusikia sauti, mchana kweupe, hasa mvua ilipokuwa ikinyesha juu ya mabati: pa, pa, pa, kama mtoto anayepigapiga tope kwa kiganja, na sauti ile ilitoka chini ya meza za fremu, wakiinama ikahamia bwawani, wakienda bwawani ikasikika nyuma yao bandani. Baadhi waliacha kazi. Ndassa mwenyewe aliacha utani, na kunyamaza kwake kuliwatisha wenzake kuliko ile sauti.

Nyirabahizi peke yake ndiye aliyekuja kazini mapema, akiwa amefunga kitambaa safi. Aliomba apewe yeye kazi ya kupindua mabamba. Kila alipokiona kiganja alisogeza midomo bila kutoa sauti, na Evaristi alijua neno lililokuwa likisemwa.

Msimu wa mvua uliisha, ukaja mwingine, ndipo Nyirabahizi alipomjia Evaristi akiwa amekumbatia mabamba mawili yaliyofungwa katika kanga. La kwanza lilikuwa lile la mwanzo kabisa. La pili lilikuwa la siku ile. Aliyaweka mezani, sambamba.

"Injinia, tazama," alisema. "Amekua. Wafu hawakui."

Evaristi alitazama. Kiganja cha pili kilikuwa kirefu zaidi, na kile kidole kilichopinda kilikuwa kimerefuka pamoja na vingine. Alijua alichokuwa anakiona. Hata hivyo alivuta kiti, akaeleza kwa utaratibu, kama mwalimu, kwamba udongo husinyaa unapokauka. Kwamba uji wenye maji mengi husinyaa zaidi kuliko uji mzito. Kwamba bamba la kwanza lilimiminwa kabla hawajajua vipimo vizuri. Na kwa hiyo kiganja kilekile kimoja kingeweza kuonekana kidogo hapa na kikubwa pale. Kila sentensi, ikichukuliwa peke yake, ilikuwa kweli. Lakini tofauti aliyoiona mezani ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote ya kusinyaa aliyowahi kuipima katika udongo wa kilima kile.

Nyirabahizi alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha aliyafunga mabamba yake.

"Wewe umesoma," alisema, na haikuwa kejeli.

Barua ya kiwanda ilipofika, ikidai shehena kabla ya mwaka kwisha, Evaristi aliamua kuchota mwenyewe sampuli kutoka chini ya bwawa ili aone tope jekundu lilikuwa likiingilia wapi. Vibarua walikuwa wameshaondoka, jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya upande wa mto, na manyunyu yalikuwa yameanza. Alikunja shati, akapiga magoti ukingoni, akauingiza mkono katika ule uji mweupe hadi kwenye kiwiko. Harufu ya mafunjo yaliyooza ikampanda puani. Alipapasa chini, akagusa saruji, akagusa udongo laini uliotulia, na alipokuwa akiukusanya ndani ya kopo alisikia pa, pa, pa, si bandani wala nyuma yake bali chini ya uso wa bwawa, sauti iliyopanda kupitia mfupa wa mkono wake kabla haijafika masikioni, nayo ikasogea, ikasogea tena, ikanyamaza karibu na vidole vyake, na kabla hajawahi kuuvuta mkono, vidole vidogo vikamtambaa juu ya kiganja, vikatafuta, vikakipata kidole chake cha shahada, vikakizunguka na kukikaza jinsi mtoto anavyokaza kidole cha mtu mzima anapoogopa kuvuka barabara. Na katika uji ule uliokuwa baridi kama maji ya kisimani, mkono ule ulikuwa wa moto.

Hakupiga kelele. Alikaa vile hadi mshiko ulipolegea wenyewe.

Nyumbani Mbuba, mkewe Domisiana alimwekea maji ya kunawa na kuona kwamba kidole chake cha shahada kilikuwa na pete nyeupe ambayo haikutoka kwa sabuni wala kwa jiwe. Evaristi alimsimulia. Domisiana alikishika kidole kile akakigeuzageuza mbele ya taa.

"Alikukamata, au alikushika?" aliuliza.

"Alinishika."

"Basi huyo anataka kuvushwa," Domisiana alisema. "Jini hashiki mtu hivi. Na kama ni mzima huko aliko?"

Evaristi alijibu kwamba mtoto mzima hawezi kuwa chini ya bwawa. Domisiana hakubishana naye. Usiku ule mume aliulalia ule mkono, kana kwamba alitaka kuuzuia usiseme.

Siku ya tatu aliletwa bibi Nkeshimana, mganga mwenye sifa kambini. Evaristi alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kumtazama, macho yakiwa kwenye fremu. Alizunguka banda, akalamba udongo kidogo, akatema.

"Watu wa pwani wangesema mna jini," alisema. "Sisi tunasema mna mzimu uliokosa msiba. Mama yake bado ni mweusi, na ninyi mnachimba weupe kila siku mbele ya macho yake. Marehemu anauomba. Mpeni."

Kila mtu alimgeukia Nyirabahizi. Ndassa alimsihi kwa upole ambao watu hawakuuzoea, akamkumbusha wenzao waliokwisha kukimbia kazi. Wanawake wa kambini walimsihi. Yeye alisimama na ndoo yake, akitikisa kichwa, akirudia kwamba mwanawe alikuwa anakua. Mwishowe alimwendea Evaristi, akakitazama kidole chenye pete nyeupe. Habari ya bwawa ilikuwa imeshaenea.

"Injinia, wewe ndiye pekee uliyemgusa," alisema. "Nitakufuata wewe. Mkono ulikuwa wa moto au wa baridi?"

Evaristi aliziona fremu, akaiona barua ya kiwanda mfukoni mwake kana kwamba mfuko ulikuwa wa kioo, akaona kilima alichokitembea peke yake akiwa kijana na nyundo moja. Alijiambia kwamba hofu humdanganya mtu ngozi. Alijiambia kwamba kumwacha mwanamke akisubiri milele ni ukatili.

"Wa baridi," alisema.

Nyirabahizi alikubali kwa kichwa, polepole, akaweka ndoo chini.

Walimaliza msiba Jumamosi moja ya Agosti, saa za asubuhi, pale pale mgodini. Alinyolewa, akaogeshwa, akaketishwa juu ya mkeka. Nkeshimana alichovya vidole katika udongo uliokwisha kuchujwa, akampaka kwenye paji la uso, kifuani, na juu ya mikono. Kisha akamwambia aseme. Nyirabahizi alisema kwa Kinyarwanda, maneno machache tu, na jina la mtoto katikati yake; wanawake wakaitikia, na mmoja akaanza kulia. Evaristi alihisi ubaridi kidoleni. Alipotazama, pete nyeupe ilikuwa imetoweka.

Tangu siku ile, kwa amri ya Nkeshimana, hapana aliyemwita Mama Uwase tena. Walimwita Nyirabahizi.

Mabamba yaliyofuata yalitoka safi. Hayakuwa na harufu, na mvua iliponyesha juu ya mabati ilisikika mvua tu. Shehena ilikwenda kiwandani, ikapita majaribio yote, na kampuni ikaandaa karamu ambako Ndassa alirudisha utani wake wote uliokuwa umelimbikizwa. Nyirabahizi aliendelea kupindua mabamba. Alilipindua kila moja, akalitazama upande wa chini kwa muda uleule, akaliweka. Midomo yake haikusogea.

Mwezi Novemba alikuja Jean Paul, kijana aliyezunguka vijijini kuwatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Alikuwa ametokea Nyarubungo, wilayani Biharamulo. Aliomba kuongea na Nyirabahizi faraghani, lakini yeye alikataa kuondoka bandani, na hivyo Evaristi alisikia yote.

Mkulima mmoja wa Nyarubungo na mkewe, watu wasio na mtoto, walimwokota msichana njiani katika siku zile za kuvuka, wakamlea. Hawakumficha kwa ubaya. Walimpenda, wakaogopa kunyang'anywa. Alijiita Uwase. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa kuungua. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye tabia moja tu ya ajabu: kila mama mlezi alipokandika ukuta, alikimbilia kuweka kiganja chake kwenye tope bichi kando ya mlango, akasimama hapo akingoja, na walezi hawakujua alikuwa akingoja nini.

Nyirabahizi alimwambia aendelee.

Mtoto alikuwa amefariki. Hakuugua. Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa Agosti, alikuwa akiota jua uani, mara akasema anasikia baridi. Mama mlezi alimfunika kanga. Alipomfunua, ngozi ya paji la uso, kifua na mikono ilikuwa nyeupe kama iliyopakwa chaki, na weupe ule haukutoka walipomwosha kwa maziko.

Hakuna aliyeuliza ilikuwa Jumamosi gani. Nkeshimana, alipopelekewa habari kambini, alishika tama, kisha akasema kwamba ardhi haijui uongo. Ukiiambia kwamba mtu amekwenda, itamchukua. Tangu hapo hakuganga tena.

Nyirabahizi aliomba aone ukuta. Kampuni ilitoa gari, na Evaristi akaendesha mwenyewe. Huko Nyarubungo, kando ya mlango wa nyumba ya udongo, vilikuwepo viganja vimepangwa kutoka chini kwenda juu, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Nyirabahizi alilifungua furushi la kanga alilokuwa amelipakata safari nzima, akaliinua bamba lake la kwanza hadi kwenye kiganja cha chini kabisa, na la pili hadi kwenye kile cha juu yake. Vililingana, kidole kwa kidole.

Mama mlezi alikuwa amepiga magoti, akilia, akiomba msamaha kwa Kisubi, lugha ya kwao. Nyirabahizi alimwinua, akamshukuru kwa kumlea mwanawe. Kisha alimgeukia Evaristi. Hakupaza sauti.

"Na huu ukuta, Injinia? Nao ulisinyaa?"

Evaristi alikitazama kidole chake cha shahada.

"Mkono ule ulikuwa wa moto," alisema Nyirabahizi.

"Ulikuwa wa moto," Evaristi alisema.

Nyirabahizi alikubali kwa kichwa, polepole, vilevile kama alivyokubali siku ile bandani. Alibaki mbele ya ukuta hadi kivuli kikafika mlangoni, akivigusa viganja kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu, na kwa kila kimoja akalisema lile neno ambalo mtoto alikuwa amelingoja. Alisema kwa sauti, bila haraka. Hakuna kilichomjibu.

Desemba, wakimbizi waliporudishwa kwao, barabara nzima ilijaa watu na mizigo kuelekea darajani. Evaristi alisimama kando ya njia tangu asubuhi akimtafuta. Alimwona mara moja, mbali, amejitwika mkeka. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu, nayo ilining'inia kando kama mikono ya mtu ambaye hajui aiweke wapi. Hakugeuka.

Mwaka uliofuata kiwanda kilituma zawadi Mbuba: sahani za kwanza zilizotengenezwa kwa udongo wa Murukulazo, nyeupe zisizo na doa. Domisiana alizipanga kabatini. Alipoosha moja, alisita, akaigeuza, akamwita mumewe. Upande wa chini, ndani kabisa ya ung'avu wa sahani, palikuwa na kiganja chenye kidole kilichopinda. Hakukuwa na tope. Evaristi aliulaza mkono wake juu ya alama. Safari hii kilikuwa cha baridi.

Aliificha sahani ile mahali pa peke yake, akamwambia mkewe kwamba angalau jambo hili haliwezi kuendelea, kwa kuwa udongo ukishachomwa hausinyai wala hautanuki. Umbo lililoingia tanurini ndilo litakalobaki. Lakini Noeli ilipofika aliitoa, akaweka mkono wake juu ya alama kama alivyofanya alipoipata, na vidole vile vilivuka mahali vilipokuwa vimeishia. Noeli iliyofuata vilivuka tena.

Aliandika barua kwenda ng'ambo, kwa parokia, kwa ofisi za wilaya, kwa kila aliyedhani angeweza kumjua mwanamke aitwaye Nyirabahizi aliyewahi kuosha udongo Ngara. Hazikujibiwa. Mgodi ulistawi. Banda la mbao likawa jengo, mashine zikachukua kazi ya mikono, na vijana waliokuja baadaye hawakujua kwa nini mzee Evaristi hakuruhusu bamba lolote liondoke kabla halijapinduliwa.

Kila Noeli, watu wanapotoka kanisani, yeye huichukua sahani, hupanda kilima hadi mahali ambapo mto huonekana, huigeuza sahani chini juu na kuulaza mkono wake kando ya kiganja kile ambacho sasa ni cha msichana anayekaribia kuwa mwanamke. Domisiana husimama nyuma yake na kungoja. Evaristi huielekea ng'ambo ya mto, hulitamka lile jina walilolikataza, kwa sauti ya kutosha kusikika ukingoni.

"Mama Uwase," husema. "Amekua."